Ruwaza za nambari: Mwanafunzi aeleze kanuni, asijaze pengo tu

MTAA wa Tassia, eneo la Embakasi jijini Nairobi, umejaa majumba ya kupangisha yenye ghorofa nyingi. Mtoto apandaye ngazi kila jioni huipita milango yenye nambari, asijue kwamba anapita mbele ya somo la Hisabati.

Chukua mfano wa jumba lenye nyumba nane katika kila ghorofa, zilizopewa nambari kuanzia chini kwenda juu. Mlango wa kwanza wa kila ghorofa utakuwa 1, 9, 17, 25. Kila mara huongezwa nane. Mpangilio kama huo, unaofuata kanuni maalumu, ndio uitwao ruwaza ya nambari.

Katika mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, mada hii hufunzwa tangu gredi za chini za shule ya msingi. Mwanafunzi hutarajiwa kuitambua ruwaza na pia kubuni yake mwenyewe.

Ugumu ni kwamba utambuzi unaweza kuwa wa juujuu. Aliyekariri kuhesabu kwa tano atajaza pengo la 5, 10, 15 papo hapo. Akipewa 4, 9, 14, ndipo itakapobainika iwapo ameing'amua kanuni ya kuongeza tano, au alikuwa akiimba tu.

Kwa sababu hiyo, inafaa mwalimu aanze na vitu vinavyoshikika, kama vile vizibo vya soda. Wanafunzi wapange kimoja, vitatu, vitano, waeleze kwa maneno kinachobadilika, kisha waandike nambari. Hatimaye kila mmoja abuni ruwaza yake na mwenzake aitafute kanuni. Anayebuni hawezi kubahatisha, kwani ni sharti achague pa kuanzia na kiasi cha kuongeza, kupunguza au kuzidisha.

Mwalimu naye ana la kujihadhari nalo. Katika 2, 4, 8, wengi watajibu 16, kwa kuwa kila nambari imezidishwa kwa mbili. Lakini mtoto aliyeandika 14 huenda ameona kwamba kwanza iliongezwa mbili, kisha nne, na sasa ni zamu ya sita. Hajakosea. Kumkosoa bila kumuuliza amepataje jibu lake ni kumfunza kukisia anachotaka mwalimu badala ya kufikiri.

Mzazi pia anaweza kusaidia bila kununua kitabu. Wakiwa ngazini, amuulize mtoto: ghorofa ya chini kabisa ikiwa ya kwanza, mlango wa kwanza wa ghorofa ya kumi utakuwa na nambari gani? Mmoja ataongeza nane mara tisa hadi afike 73. Mwingine atazidisha tisa kwa nane, kisha aongeze moja. Wote wamepata, ila huyu wa pili amekwisha kuugusa mlango wa aljebra.