Gari Moja, Bei Tatu (Sehemu ya Pili)

Shemeji yangu, muuguzi aliyehamia Houston akitokea Tanga, aliniomba nimsindikize kununua gari jipya. Alitaka Toyota Camry na alikuwa ameshaamua kila kitu, hadi rangi ya viti. Jumamosi moja tulizunguka kwa mawakala watatu, wote wa jiji lile lile. Gari lilikuwa lile lile, bei zikawa tatu, na kati ya ya juu na ya chini palikuwa na tofauti ya zaidi ya dola elfu mbili.

"Shemeji," aliniuliza tulipokuwa kwenye maegesho, "si yote yametoka kiwanda kimoja? Mbona kila mtu ana bei yake?"

Wiki iliyopita nilieleza safari ya gari kutoka kiwandani hadi kwenye yadi. Leo nalijibu swali la shemeji, kwa sababu najua ndugu zetu wengi walioko Marekani wamelilipia bila kujua.

Katika majimbo mengi ya Marekani, sheria haimruhusu mtengenezaji mwenye mawakala kumuuzia mnunuzi moja kwa moja. Wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea. Hulinunua gari kutoka kiwandani, aghalabu kwa fedha za mkopo, kisha huliuza kwa bei aitakayo. Kiwanda kinabaki kupendekeza tu. Ndiyo maana bei iliyobandikwa kiooni ni bei elekezi kwa maana halisi ya neno hilo. Isichanganywe na bei elekezi ya sukari tunayoijua nyumbani, ambayo mwenye duka akiizidisha anaweza kujikuta matatani. Wakala wa Marekani anaweza kuipandisha au kuishusha, na yote mawili ni halali.

Hiyo karatasi ya kiooni nayo ina historia yake. Ililetwa na sheria ya mwaka 1958 iliyosimamiwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kabla ya hapo mnunuzi hakuwa na mahali pa kuiona bei ya kiwanda, bei ya kila kifaa cha ziada na nauli ya kulifikisha gari. Sasa vyote lazima viandikwe, na karatasi haitakiwi kubanduliwa hadi gari limfikie mnunuzi.

Lakini kwa wakala wa kwanza tuliyemtembelea, pembeni ya karatasi hiyo palikuwa na nyingine, fupi, yenye nembo ya duka. Hii haikuwekwa na kiwanda. Ilidai dola 199 za nitrojeni kwenye matairi, ilhali asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni hiyo hiyo. Ilidai nta ya kulinda rangi, namba za gari kuchorwa kwenye vioo, na chini kabisa kiasi kilichoitwa marekebisho ya soko, ambacho hakikuwa na kitu chochote nyuma yake. Mwaka 2021, chipu za kielektroniki zilipoadimika na magari yakawa haba, mistari ya namna hii ilienea nchi nzima. Naisema wazi: karatasi ya pili ndiyo inayowaumiza wageni kuliko kitu kingine, kwa kuwa imepangwa ifanane na ya kwanza, na mtu asiyejua hudhani zote mbili ni amri ya kiwanda.

Je, mahali panabadilisha bei? Panabadilisha, ila kwa njia tofauti na wengi wanavyodhani. Umbali na kiwanda hauna uzito. Camry huundwa Georgetown, Kentucky, na kwa kawaida nauli inayoandikwa kiooni ni ile ile kwa jirani wa kiwanda na kwa mkazi wa San Diego. Kodi nayo humfuata mnunuzi mahali anapoishi. Portland, Oregon, hakuna kodi ya mauzo, lakini mkazi wa Vancouver, jimbo la Washington, akivuka daraja la mto Columbia kwenda kununua huko, kodi ya jimbo lake itamngoja siku ya kusajili gari.

Panapotofautiana kweli ni kwenye ada ya makaratasi, ambayo wakala hujipangia mwenyewe. California imeiwekea kikomo cha dola 85 na New York dola 175. Florida haina kikomo, na huko ada hiyo huweza kukaribia dola elfu moja. Halafu kuna wasambazaji. Magari ya Toyota yanayouzwa Texas na majimbo manne ya jirani hupitia kwa kampuni binafsi, Gulf States Toyota, na yale ya Florida na majimbo ya karibu yake hupitia Southeast Toyota. Kampuni hizi huongeza vifaa vyao kabla gari halijafika kwa wakala, hivyo kuipata Camry tupu, isiyo na nyongeza, ni kazi zaidi katika majimbo hayo kuliko Ohio.

Tofauti kubwa zaidi hutoka kwa wakala mwenyewe. Gari linapokaa yadini, riba ya mkopo wake inaendelea kuhesabiwa. Tena wapo wanaolipwa bonasi na kiwanda wakifikisha idadi fulani ya magari mwisho wa mwezi, na aliyebakiza mawili afikishe idadi hiyo anaweza kukubali faida ndogo sana.

Na bei hubadilika kwa kutazamwa sura. Mwaka 1995 Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha utafiti uliofanywa Chicago. Wanunuzi waliofundishwa maneno yale yale walitumwa kwa mawakala, zaidi ya mara 300. Wanaume weupe walitajiwa bei ndogo kuliko wanawake na kuliko watu weusi. Hapo jiji ni moja na duka ni moja.

Kwa sababu hiyo nilimwambia shemeji asirudi madukani. Alikaa mezani kwake akawaandikia mawakala sita ujumbe mmoja, akataja gari analolitaka na kuuliza swali lile tunaloulizana Kariakoo: bei ya mwisho ngapi? Aliongeza kwamba bei hiyo iwe pamoja na kodi, ada na nyongeza zote, iandikwe. Wanne walijibu kwa tarakimu. Aliyeshinda alikuwa wa mji mdogo, saa moja na nusu kutoka Houston, na tulipofika tulikuta gari limeshaoshwa, karatasi ya pili ikiwa bado kiooni. Shemeji alifungua simu, akamwonyesha muuzaji ujumbe wake mwenyewe. Kijana aliusoma, akaingia ndani ya gari, akaanza kuibandua kwa kucha.