Kununua Sasa au Kungoja?

Muhula uliopita, usiku wa mvua kubwa, umeme ulikatika kisha ukarudi kwa nguvu. Asubuhi kompyuta ya Chama chetu cha Kompyuta haikuwaka, nayo ndiyo tunayoandikia gazeti hili. Fundi alikuja kutoka mjini, akaijaribu kwa kisanduku kingine cha umeme, isiwake. Kisha akazitoa prosesa na vibao vya kumbukumbu, akavitia katika mashine nyingine, navyo vikafanya kazi vizuri. "Kilichokufa ni ubao mama," akasema.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Chama kilikuwa na fedha kidogo tulizopata kwa kuuza mboga za bustani yetu. Wengine walisema tununue ubao mwingine mara moja, wengine walisema tungoje aina mpya. Nimeona yafaa kuwaeleza wasomaji jambo hili, kwa kuwa mzazi au mwanafunzi ye yote aweza kupatwa na shida kama yetu.

Kwanza yatupasa kujua ubao mama ni kitu gani. Ni ule ubao mpana ulio ndani ya sanduku la kompyuta, ambao mafundi huuita mazabodi. Juu yake hukaa prosesa, ifanyayo hesabu zote, na vibao vya kumbukumbu. Na nyaya za diski huchomekwa hapo hapo. Mahali pa kukaa prosesa huitwa soketi, na kila soketi hupokea prosesa za aina yake tu. Kumbukumbu nazo ni hivyo hivyo: kibao cha DDR4 hakiingii katika nafasi ya DDR5. Kwa hiyo mtu akichagua ubao, amekwisha kuchagua pia vitu vitakavyokaa juu yake.

Waliotaka kungoja walisema, "Haraka haraka haina baraka." Nao walikuwa na ushahidi. Mwezi wa Januari mwaka 2011 kampuni ya Intel ilitoa prosesa mpya pamoja na mbao mama zake, na watu wakakimbilia kununua. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 31 Januari, kampuni yenyewe ilitangaza kwamba kuna kasoro: kati ya matundu 6 ya kuunganishia diski, 4 yangeweza kudhoofika kadiri siku zinavyopita. Ilikadiriwa kwamba kutengeneza na kubadilisha vitu hivyo kungegharimu dola milioni 700. Aliyengoja miezi michache alipata ubao uliokwisha kurekebishwa, wala hakupata taabu ya kurudisha kitu dukani.

Waliotaka kununua nao wakajibu, "Ngoja ngoja yaumiza matumbo." Walisema kwamba kitu kipya hakikosi kuja. Intel ilileta soketi ya LGA 1200 mwaka 2020, ikaleta LGA 1700 mwaka 2021, na LGA 1851 mwaka 2024. Mtu anayengoja mpaka pasitokee kipya atangoja mpaka azeeke. Tena bei haishuki siku zote. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za vibao vya kumbukumbu zilipanda sana, kwa sababu viwanda vilielekeza sehemu kubwa ya kazi yao kwenye kompyuta kubwa za akili mnemba. Waliokuwa wakingojea bei ishuke wakajikuta wanalipa zaidi.

Mwalimu wetu alitusikiliza mpaka tukanyamaza, kisha akatuuliza maswali mawili tu. "Mnangojea kitu gani hasa, nacho kitakuja lini? Na katika kungoja huko, ni kazi gani itakayolala?" Waliotaka kungoja hawakuweza kutaja kitu wala tarehe. Bali kazi itakayolala sote tuliijua: ni gazeti hili.

Basi tukaamua kununua, lakini si kununua kwa pupa. Prosesa yetu ni ya Intel ya kizazi cha 6, nayo yakaa katika soketi ya LGA 1151. Dukani tuliuona ubao mzuri, safi, wa bei nafuu, nao umeandikwa LGA 1151. Mweka hazina alikuwa amekwisha kutoa fedha mfukoni. Mwenzetu mmoja akaomba kwanza asome namba ya ubao, akakuta ni wa mfululizo wa 300. Mbao hizo zilianza kuuzwa mwaka 2017 kwa ajili ya prosesa za kizazi cha 8, na ingawa idadi ya vijiti vya soketi ni ile ile, hazikutengenezwa kwa prosesa za kizazi cha 6. Tungalilipa, tungalirudi shuleni na ubao usiowaka, na fedha za mboga zingalipotea. Tulitafuta katika maduka mengine matatu mpaka tukapata wa mfululizo wa 100, uliokwisha kutumika, tukamwomba muuzaji auwashe mbele yetu kabla ya kulipa.

Lakini mtu asidhani kwamba wenzetu wa kungoja walishindwa kabisa. Kompyuta yetu imepona, ila bado ni ya zamani. Kwa hiyo fedha zilizobaki tumeziweka akiba ya kununua mashine nzima siku moja, na siku hiyo tutachagua soketi ambayo bado ina miaka mbele yake. Kampuni ya AMD ilianza kuuza prosesa za Ryzen kwa soketi ya AM4 mwaka 2017, na mwaka 2022 mbao nyingi za mwanzo ziliweza kupokea prosesa mpya kabisa, baada ya kusasishwa programu yao ya msingi. Mwenye ubao kama huo alibadilisha prosesa peke yake. Kuhusu soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022, kampuni hiyo ilisema mwaka 2024 kwamba itaendelea nayo mpaka mwaka 2027 na zaidi.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa kitu unachokitaka kina jina na tarehe, na hakuna kazi inayolala, ngoja. Kama kimetoka juzi tu, ngoja kidogo wengine wakijaribu. Lakini kama kazi imesimama na unangojea tu "kitu kizuri zaidi," nunua kinachokutosha, ila usome namba yake kabla ya kutoa fedha. Gazeti hili ulilolishika mkononi liliandikwa kwa ubao ule wa zamani.