Apareyi ya foto ya sendika: nyeusi ao ya feza?

Siku ya yenga, kiisha ibada, tulikaa batu kumi na mbili chini ya muembe, mu lupango ya mwenzetu mumoja hapa Kolwezi, tukabishana saa mbili muzima juu ya rangi. Si rangi ya nyumba, si rangi ya chama. Rangi ya apareyi ya foto. Bamama balioleta chai balicheka sana: "Babwana ba sendika, mumekosa mambo ya kubishania?"

Mambo ilikuwa. Mwaka uliopita mwenzetu alipoteza vidole mbili vya mukono wa kuume kwenye mukanda wa kupandisha mawe. Chuma ya kukinga ilikuwa imetoka tangu majuma. Tulipiga foto na telefone, usiku, mu mavumbi. Ikatoka kama foto ya ndani ya gunia ya makala. Asubuhi chuma ilikuwa imerudia mahali pake, na mu raporo baliandika kama mufanyakazi alikosa uangalifu. Kwa neno ile moja, malipo yake ikakatwa. Njo pale tuliamua sendika ikuwe na apareyi yake yenyewe. Kila mutu alitoa kidogo kidogo, miezi saba.

Feza ilipotimia, mwenzetu mumoja alishuka Lubumbashi. Muuzaji alikuwa na Fujifilm X-T30 mbili zilizokwisha kutumiwa, bei moja, hali moja. Moja nyeusi, ingine rangi ya feza. Akatupigia telefone: nichague gani?

Wazee balitaka nyeusi, na hawakusema bure. Mupiga-foto wa kwetu mu kartye, ule anapiga foto za ndoa na matanga tangu zamani za filme, alitufasiria kama wapiga-foto wengi ba magazeti balipenda nyeusi. Nikon F, iliyotoka mwaka wa 1959, ilikuwa na rangi zote mbili. Mufaransa Henri Cartier-Bresson alibandika utepe mweusi juu ya sehemu za kung'aa za Leica yake, ili batu ba njiani basimuone haraka. Tena, mzee alisema, mukisimama mbele ya kioo ya kabine ya kamioni, apareyi ya feza itajipiga foto yenyewe: mwangaza wake unarudia mu kioo na unaonekana mu picha.

Hapa kijana mumoja akauliza kama ile feza ni feza ya kweli, na tukapoteza nusu saa, lakini hatujuti. Hakuna feza ndani. Apareyi za zamani za bei kubwa, kifuniko chake cha juu kilikuwa shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, halafu banaipaka kromu, ao rangi nyeusi. Shaba na zinki: siye batu ba huku hatuna haja ya kufundishwa vinatoka wapi. Rangi nyeusi ikikwaruzika, umanjano unatokea chini, na kule Bulaya wako batu banalipa zaidi juu ya ile makwaruzo. Siye tukikwaruzika banaturudisha nyumbani. Mu apareyi nyingi za leo, feza ni rangi tu ya kupaka. Lakini batri nyingi za lithium ziko na kobalti ndani, basi deni yetu iko palepale.

Bengine balileta neno la joto. Ni kweli, kitu cheusi kinakunywa jua; Canon inafanya lensi zake kubwa nyeupe kwa sababu ile. Mwezi wa kumi, chuma nyeusi iliyobaki mu jua inachoma mukono. Lakini apareyi yetu itakaa mu mufuko siku nzima. Tuliacha ile.

Neno lenyewe lilitoka kwa dada mudelege, wa mwisho kusema. "Nyeusi ni ya kujificha. Siye tunajificha nini?" Kwenye machimbo hakuna kupiga foto bila ruhusa, kila mutu anajua. Mudelege akikamatwa na kitu alichoficha, banamuita mwizi wa siri, na kazi imekwisha. Tena si bakubwa tu. Mufanyakazi anayepigwa foto bila kujua anaweza kuulizwa kesho kwa nini alionekana pale. Acha naye aone apareyi ikikuja, ageuze uso kama anataka.

Mzee mumoja akamujibu: "Mwanangu, mulinzi naye ataiona toka mbali. Mpaka ufike, chuma imekwisha kurudishwa."

Bote babili balikuwa na haki, na njo maana tulikaa mpaka chai ikapoa. Tulipiga kura: saba kwa feza, tano kwa nyeusi. Siye baandikaji ba habari hii tulikuwa mu ile saba, lakini bila furaha nyingi.

Kisha tuliandika barua na tukapata karatasi ya ruhusa kwa safari za kamati ya usalama. Safari ya kwanza, mulinzi alituona toka metre mia moja. Akakuja, akasoma karatasi, akapiga telefone, tukangoja dakika makumi ine. Wakati ule, mbele ya macho yetu, mafundi babili balifika na fungulo, bakaanza kurudisha chuma ya kukinga kwenye mukanda. Bazee balituangalia: si tulisema? Lakini ruhusa ilipofika, mafundi bangali na bulo mkononi. Tuliwapiga foto bakiwa kazini, na bao benyewe balikubali. Chuma iliyofungwa kila siku, kwa nini inafungwa leo? Foto iko sasa mu dosie, na tarehe yake.

Kwa kioo ya kabine, mupiga-foto wa kartye alikuwa na haki kabisa: feza yetu iling'aa katikati ya picha, hatukuona kitu cha ndani. Tuliomba utepe mweusi kwa fundi wa umeme, tukabandika upande wa mbele. Jioni tunautoa, sababu gundi yake inakusanya mavumbi, na apareyi hii haikukingwa na mavumbi.

Anayeichunga ni mwenzetu wa vidole mbili. Kifungo cha kupigia kiko upande wa kuume, na yeye anakibonyeza na kidole cha kati.