Mathias Boe: Mkono wa kushoto uliotafuta mwenzake

Mwezi Mei mwaka 2022, mjini Bangkok, timu ya wanaume ya India ilipambana na Denmark katika nusu fainali ya Kombe la Thomas. Hilo ndilo kombe la dunia la mataifa kwa wanaume katika mpira wa vinyoya. Wachezaji wawili wa India, Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty, waliwafunga Kim Astrup na Mathias Christiansen kwa seti mbili kwa moja, na seti ya mwisho ilifika 22-20. India ikashinda michezo mitatu kwa miwili, Denmark ikafungasha virago.

Kocha aliyewanoa vijana hao wawili hakuwa Mhindi. Alikuwa mtoto wa Frederikssund, mji mdogo wa Denmark, aliyeivalia nchi yake jezi katika Michezo ya Olimpiki na kuiletea medali. Jina lake Mathias Boe. Siku ile bendera aliyozaliwa chini yake ilikuwa upande wa pili wa wavu.

Huku kwetu wengi huuona mchezo huu mara moja kila miaka minne, televisheni inapoonyesha Olimpiki. Kwa mtazamaji wa haraka unafanana na mchezo wa watoto uani. Kinyoya chenyewe kina uzito wa gramu tano hivi na kimeshonwa kwa manyoya 16, ambayo kwa kawaida ni ya bata bukini. Lakini kikipigwa na mtu mzima aliyefunzwa, huondoka kwenye raketi kwa kasi isiyofikiwa na gari lolote barabarani. Huyo Satwiksairaj, katika jaribio lililofanyika Japani mwaka 2023, alipiga kwa kasi ya kilometa 565 kwa saa. Uwanja una urefu wa mita 13.4 tu. Katika mchezo wa wawili wawili wanajazana humo watu wanne, na hakuna muda wa kuulizana nani apige. Kila mmoja lazima ajue mwenzake yuko wapi bila kugeuka kumtazama.

Boe, aliyezaliwa mwaka 1980, hutumia mkono wa kushoto. Mwenzake, Carsten Mogensen wa Roskilde, mdogo kwake kwa miaka mitatu, hutumia wa kulia. Jambo hilo si dogo. Wa kulia akisimama kulia na wa kushoto akisimama kushoto, mistari yote miwili ya pembeni inalindwa na mkono wenye nguvu. Wakibadilishana nafasi, nguvu zote zinahamia katikati. Mpinzani anapoanza kuizoea hali moja, anaikuta nyingine. Isitoshe, manyoya ya kinyoya yamelaliana kuelekea upande mmoja, hivyo pigo la kukata la mtu wa kushoto huenda tofauti na lile la mtu wa kulia. Wapinzani wengi hukua wakicheza na watu wa kulia, wakikutana na wa kushoto wanababaika.

Novemba mwaka 2010 wawili hao walipanda hadi nafasi ya kwanza duniani. Machi 2011 walitwaa ubingwa wa All England, shindano kongwe kuliko yote katika mchezo huo, baada ya kupoteza seti ya kwanza mbele ya Koo Kien Keat na Tan Boon Heong wa Malaysia na kuzinyakua mbili zilizofuata, 21-18 kila moja. Mwaka 2012 wakawa mabingwa wa Ulaya.

Kisha London, Agosti 2012. Katika nusu fainali walikutana na Jung Jae-sung na Lee Yong-dae wa Korea Kusini, timu iliyohofiwa na kila mtu. Wakafungwa seti ya kwanza, wakashinda ya pili, na ya tatu ikaisha 22-20. Ukiuliza mashabiki wa Denmark, wengi watakutajia mechi hiyo kabla ya fainali. Fainali haikuwa na simulizi refu: Cai Yun na Fu Haifeng wa China waliwamaliza 21-16, 21-15. Medali ya fedha. Mwaka uliofuata, mjini Guangzhou, walifika fainali ya ubingwa wa dunia na kuangushwa na Waindonesia, Mohammad Ahsan na Hendra Setiawan. Fedha tena. Msomaji alikumbuke jina la Ahsan, litarudi.

Mwaka 2015 walichukua All England kwa mara ya pili. Wengi walidhani Rio itakuwa zamu yao.

Januari 2016 Mogensen alikuwa India akishiriki ligi ya mpira wa vinyoya ya nchi hiyo. Akaanguka. Ikagundulika kuwa mshipa wa damu umepasuka kwenye ubongo wake. Baadhi ya watu wanaopatwa na hali hiyo hawafiki hospitali, na wanaofika wengi hawarudi kama walivyokuwa. Mogensen aliokolewa, na katika miezi michache akashika raketi tena.

Hapo ndipo mtu anapoona ugumu wa kuchezea riziki pamoja. Ni kama wale wafanyabiashara wawili wa mpakani, mmoja ananunua ng'ambo hii na mwingine anauza ng'ambo ile. Mmoja akilazwa, yule mzima naye mkono wake hauna kazi. Boe alikuwa mzima wa afya, amekaribia miaka 36, na tiketi yake ya Olimpiki ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mwingine. Walikwenda Rio pamoja. Hawakuvuka hatua ya makundi. Kwa maoni yangu, kule kufika tu uwanjani kulistahili kuandikwa kuliko medali kadhaa zilizotolewa pale.

Wala hawakuishia hapo. Mwaka 2017, nyumbani kwao mjini Kolding, walikuwa tena mabingwa wa Ulaya, na mwaka huohuo wakashinda shindano la Korea. Baadaye waliachana kiuchezaji. Boe akacheza na Mads Conrad-Petersen, kisha Aprili 2020, Olimpiki ya Tokyo ilipokwisha kuahirishwa kwa ajili ya korona, akatangaza kustaafu.

Mwaka 2021 alikuwa Tokyo, safari hii amekaa kiti cha kocha nyuma ya vijana wa India. Waliwafunga Lee Yang na Wang Chi-lin wa Taiwan katika mchezo wa kwanza wa kundi, lakini hesabu za seti zikawatoa, na hao Lee na Wang ndio walioondoka na dhahabu.

Baada ya kuishinda Denmark kule Bangkok, India ilikutana na Indonesia katika fainali. Upande wa pili alisimama Ahsan, yuleyule wa Guangzhou, akiwa na mwenzake mwingine. Vijana wa Boe walipoteza seti ya kwanza, wakashinda mbili zilizofuata, 23-21 na 21-19. Kwa mara ya kwanza katika historia, India ikabeba Kombe la Thomas. Mwaka 2023 wawili hao wakatwaa ubingwa wa Asia mjini Dubai, kisha dhahabu ya Michezo ya Asia huko Hangzhou, na mwezi Oktoba wakawa wa kwanza duniani.

Mimi ni mwalimu, nilisomeshwa ugenini na walimu ambao bendera yao haikuwa yangu. Sikuwahi kuwauliza walijisikiaje sisi watoto wa wakimbizi tulipowapita watoto wao kwenye mtihani. Nakumbuka tu kwamba matokeo waliyasoma kwa sauti ileile, na jina la kwanza lilipokuwa la mmoja wetu, walilitamka vizuri.

Machi 2024 Boe alifanya sherehe ya harusi na mwigizaji wa filamu wa India, Taapsee Pannu. Agosti, mjini Paris, vijana wake walishinda seti ya kwanza ya robo fainali dhidi ya Aaron Chia na Soh Wooi Yik wa Malaysia kwa 21-13, wakapoteza ya pili na ya tatu. Muda mfupi baadaye Boe alitangaza kwamba kazi ya ukocha anaiweka chini, angalau kwa wakati huo.