Mlima wa Kando ya Ziwa na Majumba Yasiyojengwa

Suala la nani ajenge na wapi ajenge ni miongoni mwa masuala yanayozusha mabishano mengi katika kila nchi yenye ardhi nzuri. Wananchi wengi hudhani kuwa pahala penye mandhari ya kupendeza hujilinda penyewe, kwa kuwa kila mtu anapapenda. Mambo sivyo yalivyo. Pahala kama hapo ndipo panapovamiwa mwanzo, na aghalabu mvamizi ni yule yule anayepapenda. Katika toleo hili tunaeleza kisa cha mlima mmoja nchini Uingereza, ili wasomaji wetu, watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, waone ni hatua gani zilizohitajika mpaka mlima huo ukanusurika, na ni matatizo gani yaliyobaki baada ya kunusurika kwake.

Mlima wenyewe unaitwa Catbells. Uko kaskazini-magharibi ya Uingereza, katika eneo lijulikanalo kwa jina la Lake District, yaani Wilaya ya Maziwa. Si mlima mrefu. Kilele chake ni mita 451 tu. Ubavu wake wa mashariki unateremka hadi kwenye ziwa Derwentwater, lenye urefu wa takriban kilomita 5, na upande wa kaskazini wa ziwa hilo upo mji mdogo wa Keswick. Mtu asimamaye ukingoni karibu na mji huona maji, kisha msitu, kisha mgongo wa mlima ulio wazi juu ya msitu. Mandhari yote imo katika mpangilio huo wa vitu vitatu, na kikiharibiwa kimoja vyote vimeharibika.

Khatari ilianza kwa njia ya reli. Reli ilifika karibu na ziwa Windermere mwaka 1847, na ikafika Keswick mwaka 1865. Matajiri wa viwanda vya kaskazini, waliochoshwa na moshi wa miji yao, wakaanza kujenga majumba ya fahari kandokando ya Windermere. Kila mmoja alijenga lake, na hakuna hata mmoja aliyekusudia kuharibu kitu. Lakini jumba moja likifuatiwa na jingine, sehemu kubwa ya ukingo wa mashariki wa ziwa hilo ikawa mabustani ya watu binafsi, na mpita njia akabaki kuyaona maji kwa mianya ya kuta. Wakaazi wa Keswick walikuwa na mfano huo mbele ya macho yao.

Hapa pana jambo ambalo linafaa kuzingatiwa na kila anayeshughulikia mipango ya ardhi. Nyumba hazijengwi kileleni. Kileleni kuna upepo, baridi na mawe, na hapana maji. Nyumba hujengwa miguuni mwa mlima, karibu na ziwa, kwenye ardhi inayoonekana kuwa haina thamani kubwa kwa mandhari. Kwa hiyo anayetaka kuulinda mlima hana budi kuanza chini.

Mwaka 1902 ndivyo ilivyotokea. Shamba la Brandelhow, lililoko miguuni mwa Catbells kwenye ukingo wa ziwa, liliingia sokoni, ikahofiwa kuwa litakatwa viwanja. Lilikuwa na ukubwa wa eka 108 hivi, sehemu yake msitu, na ndani yake mlikuwa na machimbo ya zamani ya madini ya risasi. Wakati ule haikuwapo sheria yoyote ya kumzuia mwenye ardhi kujenga atakavyo. Njia ilikuwa moja tu, nayo ni kununua.

Kazi hiyo ilichukuliwa na asasi iitwayo National Trust, iliyoasisiwa mwaka 1895 na watu watatu: Octavia Hill, mwanasheria Robert Hunter, na kasisi Hardwicke Rawnsley aliyekuwa akitumikia kanisa la Crosthwaite, pale pale Keswick. Inafaa tumtaje zaidi Bibi Hill, kwani wapo wanaosema kuwa watetezi wa mandhari ni watu wasiojali shida ya makaazi. Bibi huyu alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuwatafutia maskini wa London nyumba zilizo safi na za kodi nafuu. Aliijua shida ya nyumba kuliko wengi waliomlaumu. Hoja yake ni kwamba mtu anayeishi katika chumba kimoja mjini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya pahala pa wazi ambapo hakuna mtu wa kumfukuza.

Bei ilikuwa pauni 6,500. Zilichangwa katika muda wa miezi mitano na watu wapatao 1,300. Miongoni mwao alikuwapo mfanyakazi wa kiwanda wa Sheffield aliyepeleka shilingi mbili na nusu, yaani thumni ya pauni, pamoja na barua iliyoeleza kuwa maisha yake yote alitamani kuyaona maziwa hayo, sasa hatayaona tena, lakini anapenda kusaidia ili wengine wayapate. Tarehe 16 Oktoba 1902 Brandelhow ilifunguliwa rasmi kwa wananchi na Binti Mfalme Louise, na ikawa ardhi ya kwanza ya asasi hiyo katika Wilaya ya Maziwa. Miaka minne baadaye, mwaka 1906, ilifunguliwa Gowbarrow, mlima wa kando ya ziwa Ullswater, ambao nao ulinunuliwa kwa michango ya watu, zaidi ya pauni 12,000, baada ya kutishiwa na ujenzi wa majumba.

Hata hivyo, kununua peke yake hakutoshi. Alichonunua mtu leo mrithi wake anaweza kukiuza kesho, na asasi nayo hupata viongozi wapya na madeni mapya. Kwa sababu hiyo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1907 iliyoipa National Trust uwezo wa kuitangaza ardhi yake kuwa haiwezi kuuzwa kabisa. Wasomaji wetu hawatapata tabu kulifahamu jambo hili, kwani halina tofauti kubwa na wakfu tunaoujua: shamba likishawekwa wakfu haliuzwi, halirithiwi wala halitolewi hiba. Hata Serikali ikiitaka ardhi ya namna hiyo kwa barabara au mradi mwingine, na asasi ikapinga, shauri hilo huwa halimaliziki mpaka lifikishwe Bungeni.

Tofauti iliyopo na hapa kwetu nayo inafaa kutajwa. Zanzibar, kwa mujibu wa Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ni mali ya umma. Huko ilikuwa, na mpaka leo kwa sehemu kubwa ni, mali ya watu binafsi, na ndiyo maana raia walilazimika kuchanga fedha ili kukipata kitu ambacho pengine kingeweza kulindwa kwa amri.

Amri hiyo ilikuja baadaye. Tangu sheria ya mipango miji na vijiji ya mwaka 1947, mwenye ardhi nchini Uingereza hujenga kwa kibali. Mwaka 1951 Wilaya ya Maziwa ilifanywa hifadhi ya taifa, nayo leo ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Isifikiriwe kuwa watu walihamishwa. Ndani yake wanaishi watu wapatao 40,000, wapo wafugaji wa kondoo, zipo skuli na maduka. National Trust inamiliki takriban khumsi moja ya eneo lote, ikiwamo ardhi ya zaidi ya eka 4,000 pamoja na mashamba ya mifugo, iliyoachwa kwa wasia na Beatrix Potter, mtunzi wa vitabu vya watoto, aliyefariki mwaka 1943. Yeye alitaka mashamba yaendelee kuwa mashamba. Mwaka 2017 eneo hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile ambayo Mji Mkongwe wetu uliingizwa mwaka 2000.

Matatizo hayakumalizika, na haingekuwa haki kuyaficha. Pale ambapo nyumba mpya ni chache, zilizopo hupanda bei. Watu wa mbali wenye uwezo huzinunua kwa mapumziko ya wiki chache, na kijana aliyezaliwa kijijini hana pa kuanzia maisha. Mamlaka ya hifadhi hujaribu kulipunguza tatizo hili kwa kuweka sharti, katika vibali vya nyumba mpya, kwamba nyumba ikaliwe na mwenyeji, au na mtu atakayeishi humo daima. Sharti hilo husaidia kwa nyumba mpya, lakini haligusi zile za zamani, ambazo ndizo nyingi.

Tatizo la pili limeletwa na wapenzi wa mlima wenyewe. Wapandao Catbells ni wengi mno hata nyayo zao zimekula udongo wa njia, na mvua ikapata mfereji wa kupitia. Tangu mwaka 2001 upo mpango maalumu wa kutengeneza njia za milima ya wilaya hiyo, ambamo wafanyakazi pamoja na watu wa kujitolea hupanga mawe moja moja kwa mkono na kuchimba vijito vya kutoa maji. Siku za mapumziko magari hujaa barabara nyembamba iliyoko chini ya mlima, na wageni hunasihiwa waache magari Keswick, wavuke ziwa kwa boti mpaka gati ya Brandelhow. Wakishashuka hapo huingia msituni bila ya kulipa kiingilio.