Injini Nyingine kwa Pikapu ya Zamani

Pikapu ya kikundi ikianza kula oili na kutoa moshi, wengi wetu hufikiria kuiuza. Lakini ikiwa chesisi bado ni imara, injini nyingine yaweza kuiongezea miaka ya kubeba maziwa na mahindi.

Tuchukue Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 2L, lita 2.4. Injini zilizofuata, 3L (lita 2.8) na 5L (lita 3.0), ni za ukoo huo huo. Kwa kawaida hukaa pale pale na kufungwa kwenye giaboksi ile ile. Fundi hana haja ya kukata wala kuchomelea vyuma, na hapo ndipo tunaokoa pesa.

Kabla ya kununua, tukumbuke haya:

1. Fundi apime kompresheni ya kila silinda. Zikitofautiana sana, tuiache.

2. Injini ije na pampu yake ya dizeli.

3. Ikiwa bado chini, tuweke taimingi belti mpya na kukagua klachi. Ikishaingia, kazi hiyo hulipiwa mara ya pili.

4. Rejeta isafishwe. Injini ikichemka, silinda hedi hupasuka.

5. Tudai risiti yenye namba ya injini, kisha logibuku ibadilishwe kupitia NTSA. Tusipofanya hivyo, tutapata taabu siku ya kuuza gari au kudai bima.

Basi tusichange pesa za injini peke yake. Rejeta mbovu huua hata injini nzuri.