Wapanda farasi wa bati sebuleni

Mzazi mmoja wa mtaani kwetu alitufikia baada ya swala ya Alasiri akiwa na kasha dogo, zawadi aliyotumiwa mwanawe na mjomba wake aishiye Ujerumani. Ndani yake mlikuwa na wapanda farasi wa bati, bapa, wembamba kama sarafu. Kijana amekwisha kuanza kuwapaka rangi. Mama yake ameapa kuwa havitalala humo ndani. “Ustadhi,” akatuuliza, “haya ni masanamu au ni vitu vya kuchezea?”

Hatukumjibu papo hapo, kwani hukumu ya kitu hutanguliwa na kukifahamu.

Kazi hii ilipata umaarufu katika mji wa Nürnberg, alikoishi fundi Johann Gottfried Hilpert katika karne ya 18. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake mjini humo, na mwaka 1848 akaweka kimo cha askari kuwa milimita 30. Mafundi wengine walimfuata, na ndiyo maana sanamu za mikono tofauti huweza kupangwa katika jeshi moja. Fundi huchonga nusu mbili za kalibu katika jiwe la kijivu, lile la vibao vya shule vya zamani. Huchonga kinyume: palipo na msuli wa farasi yeye huchimba shimo. Kisha humimina bati lililoyeyushwa pamoja na risasi.

Kwa kuwa farasi huyu hana unene, brashi ndiyo humpa mwili. Mpakaji huamua kwanza nuru inatoka upande gani, na jeshi zima hutii uamuzi huo: mgongo hung'aa, tumbo hufifia. Kijana yule, ambaye farasi aliyewahi kumwona ni wa kwenye picha tu, sasa hukaa saa nzima juu ya shingo moja. Sisi tuliomfundisha madrasa hatukuwahi kumwona ametulia hivyo.

Jambo moja halikungoja fatwa, nalo ni ile risasi. Hasa katika sanamu za zamani, vumbi la tupa ni sumu. Zisisuguliwe kwenye meza ya chakula, mikono ioshwe, na wadogo watiao kila kitu mdomoni wasipewe.

Ama sanamu zenyewe, jumhuri ya wanazuoni wameharamisha sanamu kamili za viumbe wenye roho, na wengi wao wamevua humo vitu vya kuchezea watoto. Hoja yao ni Bi Aisha (r.a). Amepokea Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w) aliona miongoni mwa wanasesere wake farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa, akamuuliza habari zake. Bi Aisha akamtajia farasi wa Nabii Sulaiman, naye Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Wako waliosema ruhusa hiyo ilifutwa baadaye. Sisi tunaelekea kwa wengi. Lakini ruhusa ya mtoto haimfikii mtu mzima anayepamba kabati la sebuleni.

Kilichotutia shaka zaidi ni dadu. Mchezo wa vita wa Reisswitz, ofisa wa Prussia, uliotolewa mwaka 1824, uliamua hasara kwa dadu, na michezo mingi ya leo hufanya vivyo hivyo. Hadithi aliyoipokea Imam Muslim inaikemea vikali nardi, mchezo wa dadu. Hata hivyo, mwaka 1876 Jenerali Verdy du Vernois alipendekeza dadu ziwekwe kando, aamue mwamuzi mwenye ujuzi wa vita. Tulipomweleza hayo, baba alitabasamu: mwamuzi angekuwa yeye.

Mama amekubali kwa sharti kwamba kila jioni, kabla ya Magharibi, jeshi lote lirudi kashani na kasha liingie uvunguni. Juzi tulipopita, farasi watatu walikuwa bado hawajapakwa, na baba alikuwa akisoma habari za Ain Jalut ya mwaka 1260, asije akaamua kwa dhulma.